Japani ilifuta ukuu wa nyumba mapema kuliko jirani zake. Kwa nini leo inapitwa katika sheria za familia?

#1 | Mpekuzi wa Vifungu (mleta uzi)

Salamu wakuu. Nimekuwa nikisoma sheria za ndoa na mirathi za Asia ya Mashariki, na kuna jambo ambalo kila nikiligeuza silioni kichwa wala miguu. Japani iliufuta mfumo wa nyumba, ule uliompa mkuu mmoja, kwa kawaida mwanamume, mamlaka ya kukubali au kukataa ndoa za waliomo na kuamua wakae wapi, kwa marekebisho ya mwaka 1947 yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948. Korea Kusini ilikaa na mfumo wa aina hiyohiyo hadi Februari 2005, Mahakama ya Katiba iliposema kwamba hauendani na katiba, na daftari la familia lililopangwa kwa mkuu huyo likaondolewa tarehe 1 Januari 2008. Kwa hesabu hiyo Japani ilitangulia kwa miaka sitini. Hata hivyo, hadi leo kifungu cha 750 cha Sheria ya Kiraia ya Japani kinawalazimisha mke na mume kutumia jina moja la ukoo, na katika ndoa takriban 95 kwa kila 100 anayeacha jina lake ni mwanamke. Mahakama ya Juu imekataa mara mbili kulitengua sharti hilo, Desemba 2015 na Juni 2021. Aliyetangulia amekwama wapi? Naomba maelezo yenye tarehe na vifungu, si yale ya "utamaduni wao ndivyo ulivyo".

#2 | Wakili Mtulivu

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi naanza kwa kuuliza ni nani aliyebadilisha. Mabadiliko ya Japani yalikuja nchi ikiwa imekaliwa na jeshi la Marekani. Rasimu ya kwanza ya kile kilichokuja kuwa kifungu cha 24 cha katiba, kinachotaka ndoa itokane na ridhaa ya wawili wenyewe na sheria za familia zizingatie utu na usawa wa jinsia, iliandikwa na Beate Sirota, msichana wa miaka 22 aliyekulia Tokyo na aliyekuwa akifanya kazi chini ya Jenerali MacArthur, kamanda wa jeshi hilo. Korea Kusini watu waliitolea jasho. Lee Tai-young, mwanamke wa kwanza kuwa wakili nchini humo, alifungua kituo cha ushauri wa sheria kwa wanawake mwaka 1956, na kuanzia hapo vyama vya wanawake vikasukuma marekebisho ya 1977, kisha ya 1989 yaliyosawazisha mafungu ya mirathi ya mabinti na ya wana, hatimaye ya 2005. Haki iliyodaiwa kwa miaka hamsini ina watu wanaoilinda na kuidai nyongeza. Iliyokuja kwa amri huishia pale amri ilipoishia.

#3 | Mwalimu wa Zamani

Ndugu Wakili, hapo umewapunja Wajapani. Ichikawa Fusae na wenzake walikuwa wakidai haki ya kura kwa wanawake tangu miaka ya 1920. Wanawake 39 walichaguliwa bungeni Aprili 1946, kabla katiba mpya haijaanza kutumika, na walioandika upya sehemu ya familia katika Sheria ya Kiraia walikuwa wanasheria wa Kijapani, Wagatsuma Sakae akiwa miongoni mwao. Kusema kwamba yote yaliletwa kwa amri ni kurudia hoja ya wahafidhina wa Japani wenyewe, wanaopenda kuiita katiba yao kitu cha wageni.

Mleta uzi ametukataza kusema "utamaduni", na mimi naongeza kwamba hicho kinachoitwa utamaduni chenyewe ni cha juzi. Mwaka 1876 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliagiza kwamba mke aendelee kutumia jina la kwao. Sharti la jina moja liliingia na Sheria ya Kiraia ya 1898. Korea nako, sheria kuu ya dola ya Joseon iliyokamilika mwaka 1485 iliwapa watoto wa mke mkuu, wa kike kwa wa kiume, mafungu sawa, anayeshika matambiko akiongezewa kidogo. Mabinti walianza kuenguliwa kwa wingi katika karne ya 17. Daftari lenye mkuu wa nyumba kwa sura iliyofutwa mwaka 2005 lilijengwa chini ya utawala wa Kijapani. Wazee wa Kikonfusio walioandamana kulitetea kama urithi wa mababu walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanatetea urithi wa mkoloni.

#4 | Kijiwe Hakilali

Yaani mkoloni alikwenda kwake akaufuta mfumo, aliowatawala wakaendelea kuutunza kwa heshima zote. Naweka kambi hapa, endeleeni.

#5 | Bi Osaka

Habari zenu. Nimeolewa na Mjapani na ninaishi huku, kwa hiyo nitaeleza ninachokiona. Sharti la jina moja halimgusi mgeni, na mimi naendelea na jina la baba yangu bila kumwomba mtu ruhusa; wifi yangu, mtafiti mwenye makala kadhaa kwa jina lake la usichana, ilimbidi abadilishe jina la benki, la hati ya kusafiria na la kazini siku alipoolewa na mwenzake wa chuoni. Siku hizi jina la zamani linaruhusiwa kuandikwa pembeni katika baadhi ya vitambulisho, lakini jina la kisheria limebaki moja.

Kwa maoni yangu jibu la mleta uzi liko katika daftari la familia. Mwaka 1947 waliondoa mamlaka ya mkuu wa nyumba, lakini daftari hawakuliondoa. Walilipunguza tu, likawa la mume, mke na watoto wao wasiooa wala kuolewa, wote wenye jina moja, na wa kwanza kuandikwa ni yule ambaye jina lake limechaguliwa, ambaye karibu kila mara ni mume. Mimi raia wa nje sina ukurasa wangu. Ninatajwa katika maelezo ya mume wangu. Hadi Julai 2012 hata katika orodha ya wakazi wa manispaa wageni waliandikishwa kwingine, kwa hiyo mama wa kigeni hakuonekana pamoja na mumewe na watoto wake aliowazaa mwenyewe. Ukiruhusu majina mawili ndani ya ndoa moja, inakubidi uamue upya daftari lipangwe kwa msingi gani. Korea walilivunja daftari lote na kumwandikisha kila mtu peke yake, ndiyo maana wao wamepita kwa urahisi.

#6 | Kijiwe Hakilali

Dada Osaka, kwa hiyo mgeni ndiye mwenye uhuru wa jina kuliko mwenyeji. Wifi yako amekusamehe?

#7 | Abu Salma wa Lamu

Nauliza kando kidogo. Nilisikia kwamba Japani mwanamke aliyeachwa alilazimika kukaa miezi sita kabla ya kuolewa tena. Sisi tungeiita eda. Wao waliipata wapi, na imekwenda wapi?

#8 | Wakili Mtulivu

Swali zuri, na halitutoi nje ya mada. Kilikuwa kifungu cha 733, na shabaha yake ilikuwa moja tu, kujua mtoto ni wa nani; masuala ya maombolezo au nafasi ya kurejeana hayamo. Sheria ilichukulia kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya siku 300 baada ya talaka ni wa mume wa zamani. Mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, akazaa na mwingine kabla siku hizo hazijaisha, alikuwa na njia mbili: kumwandikisha mtoto kwa jina la aliyemkimbia, au kutomwandikisha kabisa. Kuna waliochagua la pili, na watoto wao wakakua bila kuwamo katika daftari lolote.

Tarehe 16 Desemba 2015 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kinachozidi siku 100 ni kinyume cha katiba. Mwaka 2016 bunge likapunguza muda kuwa siku 100. Tarehe 1 Aprili 2024 ukafutwa, na sasa mtoto akizaliwa mama akiwa ameshaolewa tena, baba ni mume wa sasa. Angalieni tarehe hiyo ya 2015. Ni siku ileile ambayo mahakama ileile ilikataa kutengua sharti la jina moja, kwa majaji 10 dhidi ya 5, na majaji wote watatu wanawake walikuwa upande wa walioshindwa.

#9 | Binti Ilala

Naomba tusiipambe sana Korea. Nilisoma Seoul, na nilipofika nilifurahi kuona wanawake wote wanabaki na majina yao baada ya ndoa, hadi mama mwenye nyumba wangu, mjane, aliponieleza sababu. Mke alibaki na jina la kwao kwa kuwa hakuhesabiwa damu ya ukoo wa mume. Alipofiwa, aliyerithi ukuu wa nyumba ni mwanawe aliyekuwa bado shule ya msingi, kwa sababu sheria ilipanga hivi: kwanza wana, kisha mabinti, kisha mke, kisha mama wa marehemu. Aliniambia kwamba katika karatasi za serikali alikuwa chini ya mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfungia kamba za viatu.

Kwa aliyeachika ilikuwa kali zaidi, maana watoto walibaki katika daftari la baba hata kama mama ndiye aliyewalea, na akiolewa tena walikwenda shule wakiwa na jina tofauti na la baba wa kambo, kila mtu akajua. Tangu 2008 mahakama inaweza kuruhusu mtoto abadilishiwe jina. Mwigizaji Choi Jin-sil alifanya hivyo kwa watoto wake wawili mwaka huohuo, na alipofariki miezi michache baadaye nchi nzima ilijadili kama baba waliyetengana naye arudishiwe mamlaka juu yao papo hapo. Mjadala huo ulizaa marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 2013, yanayoitaka mahakama ipime kwanza. Hata sasa mtoto hupewa jina la baba, isipokuwa wazazi wawe wamekubaliana jina la mama siku ya kuandikisha ndoa. Fikirieni bibi harusi analeta mada hiyo mbele ya mavyaa siku hiyo.

#10 | Kijiwe Hakilali

Na akina Kim? Wako wengi kuliko akina Juma kwetu. Wanaoanaje?

#11 | Binti Ilala

Walikatazwa kuoana ikiwa jina na asili ya ukoo ni moja, mfano Kim wa Gimhae kwa Kim wa Gimhae, hata kama babu wa pamoja ni wa karne nyingi zilizopita. Waliopendana waliishi bila ndoa ya kisheria, na serikali ikawa inafungua dirisha la muda ili waandikishwe, kama ilivyofanya mwaka 1978, 1988 na 1996. Tarehe 16 Julai 1997 Mahakama ya Katiba ikalikata shauri. Siku hizi katazo ni kwa jamaa hadi daraja la nane, pande zote mbili za wazazi.

#12 | Mwalimu wa Zamani

Ahsante, Binti. Hapo kuna maelezo ya tatu ambayo Wakili hakuyataja. Mahakama ya Katiba ya Korea ilianza kazi mwaka 1988, baada ya vuguvugu la 1987 lililowalazimisha wanajeshi waruhusu uchaguzi wa rais kwa kura ya wananchi. Ni chombo kipya kilichohitaji kuonyesha kwamba kipo, na familia ikawa uwanja mmojawapo wa kujionyeshea. Mahakama ya Juu ya Japani kwa desturi inakwepa kutengua sheria, na kuhusu jina ilisema jambo hilo ni la bunge. Wizara ya Sheria nayo ilikuwa na rasimu ya majina ya hiari tangu 1996, iliyopendekezwa na baraza lake la ushauri, ila haikufikishwa bungeni kwa sababu ya upinzani ndani ya chama tawala.

#13 | Mchuuzi wa Guangzhou

Mmeisahau China, ambayo ilitangulia kuliko hata mnavyodhani. Sheria ya Ndoa ya tarehe 1 Mei 1950 ilipiga marufuku masuria, kuoza watoto na kulazimishana, na ikampa mwanamke haki ya kudai talaka. Jina la ukoo si tatizo kwao. Kila mmoja hubaki na lake.

Tatizo ninalolisikia kwa wateja wangu ni nyumba. Wazazi wa kijana wanatarajiwa kumnunulia nyumba ndipo aoe, na binti analeta samani na mchango wake wa matengenezo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Watu ilitoa ufafanuzi kwamba nyumba iliyonunuliwa na wazazi wa mmoja na kuandikishwa kwa jina la mtoto wao ni ya huyo peke yake. Mama mmoja ninayenunua kwake vitambaa aliachika baadaye na kuondoka na fenicha za miaka kumi. Halafu tangu 1 Januari 2021 wakawekewa siku 30 za kutafakari kabla ya talaka, hata kama mume anakupiga.

#14 | Wakili Mtulivu

Mchuuzi, siku hizo 30 ni za talaka ya makubaliano inayoandikishwa ofisini, kifungu cha 1077. Anayekwenda mahakamani hazimhusu. Ni kweli, lakini, kwamba mahakama za huko zina tabia ya kukataa ombi la kwanza, kwa hiyo anayepigwa anaweza kuzungushwa kote kuwili. Korea pia wana muda wa kutafakari tangu Juni 2008, miezi mitatu kwa wenye watoto wadogo na mmoja kwa wasio nao, ila unaweza kufupishwa au kuondolewa kukiwa na ukatili. Japani haina kabisa: fomu moja, mihuri au saini, mashahidi wawili, mmeachana.

#15 | Shamba la Bibi

Ninyi mnazungumza majina, mimi nawaletea ardhi, maana ndiko sheria ya familia inakotoa jasho. Wakoloni wa Kiingereza waliacha Hong Kong ifuate mila za Kichina za enzi ya Qing hivi kwamba kuoa suria kulikuwa halali hadi Oktoba 1971, na katika vijiji vya New Territories, mashambani mwa Hong Kong, mabinti hawakurithi ardhi hadi sheria ya mwaka 1994. Lakini sera ya nyumba ndogo ya 1972, inayompa mwanamume mwenyeji wa kijiji, aliyetokana kwa upande wa baba na mkazi wa mwaka 1898, haki ya kujenga nyumba mara moja maishani, bado ipo. Mahakama ya mwisho ya rufaa iliihalalisha mwaka 2021 kama haki ya jadi. Dada zake hawapati kitu.

Korea Kusini walikwenda kinyume. Mabinti wa ukoo wa Lee wa Yongin waliushtaki ukoo wao baada ya ardhi ya ukoo kuuzwa na fedha kugawanywa kwa upendeleo, na Julai 2005 Mahakama ya Juu ikasema kila mzawa aliyefikia utu uzima ni mwanachama wa ukoo, awe mwanamume au mwanamke. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka shauri la Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo la Kihaya aliloachiwa na baba yake, ambapo Jaji Mwalusanya aliamua Mwanza mwaka 1990 kwamba mila ya kumzuia mwanamke kuuza ni ya kibaguzi. Miaka kumi na mitano kabla ya Seoul.

#16 | Mpekuzi wa Vifungu (mleta uzi)

Shukrani kwa hilo la Yongin, sikulijua. Tusihamie Bukoba lakini, uzi utatukimbia. Hakuna wa kutupa Taiwan?

#17 | Nyota ya Kaskazini

Nipo. Taiwan inatumia Sheria ya Kiraia iliyotungwa China bara, ambayo sehemu yake ya familia ilianza kutumika mwaka 1931 na kuvuka bahari na serikali ya chama cha Kuomintang. Kwa karatasi, mabinti walirithi sawa tangu mwanzo. Kwa vitendo, baba akifa huletewa hati ya kukataa mirathi wakasaini, na asiyesaini anaonekana mroho. Palipobaki upendeleo ulioandikwa ni kwenye mamlaka ya baba: wazazi wakitofautiana kuhusu mtoto, neno la baba ndilo lililosimama, hadi majaji wa katiba walipolitengua kwa ufafanuzi namba 365 wa mwaka 1994. Mwaka 1998 mke akaachiwa jina lake bila kutanguliziwa la mume, 2007 wazazi wakaruhusiwa kukubaliana kwa maandishi mtoto achukue jina la nani, na wasipokubaliana ofisi ya uandikishaji hupiga kura ya bahati nasibu. Tarehe 24 Mei 2019 ikawa ya kwanza Asia kuruhusu ndoa ya jinsia moja, kufuatia ufafanuzi namba 748 wa 2017. Pamoja na hayo yote, watoto walio wengi mno bado wanaitwa kwa jina la baba.

#18 | Mtazamo Pinzani

Hapo ndipo ninapokataa swali lenyewe. Mnapanga nchi kwenye mstari, nani wa mbele nani wa nyuma, wakati Nyota ametuonyesha kwamba sheria imefunguka na watu wamebaki palepale. Tazameni ndoa na uzazi: Korea Kusini mwaka 2023 ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, Japani 1.20. Nchi mnayoiita ya mbele ndiyo ambayo wanawake wake wanaikimbia ndoa zaidi. Labda sheria ilibadilika upesi kwa sababu familia yenyewe ilikuwa imeshavunjika nguvu, na majaji walifuata tu. Na Japani ikibadili kifungu cha 750, nadhani itakuwa kwa sababu ya waajiri. Shirikisho lao kubwa, Keidanren, lilitaka majina ya hiari mwezi Juni 2024 kwa kuwa mameneja wanawake wanakwama nje ya nchi majina ya hati ya kusafiria na ya kazini yasipolingana.

#19 | Mwalimu wa Zamani

Mtazamo, uzazi ulishuka pia Singapore na Hong Kong ambako hakukuwa na daftari la kufuta, kwa hiyo hoja yako inabeba kila kitu na haishiki chochote. Afadhali ungechukua watoto wachanga: mwaka 1990 Korea ilizaa wavulana 116.5 kwa kila wasichana 100, kwa sababu ya kutafuta mrithi, na uwiano huo ulikuwa umerejea karibu na kawaida wakati ukuu wa nyumba unafutwa. Je, sheria iliufuata moyo wa watu, au marekebisho ya 1989 ndiyo yaliyoanza kupunguza thamani ya mtoto wa kiume? Mimi naelekea kwa la pili, ingawa mijini watu walikuwa pia wanapata pensheni, hivyo hawakulazimika kumtegemea mtoto wa kiume uzeeni.

#20 | Bi Osaka

Kabla hamjalala, nina swali la kwangu kwa Wakili. Japani kabla ya Aprili 2026, wazazi walipoachana, mamlaka juu ya mtoto yalipewa mmoja tu, na mara nyingi alikuwa mama. Bunge lilipitisha Mei 2024 sheria ya kuruhusu mamlaka ya pamoja, ya kuanza kutumika Aprili 2026. Wanaume wa ofisini kwa mume wangu wanaisifu kama usawa. Kina mama wa kikundi chetu, hasa waliotoroka vipigo, wanaogopa kwamba aliyewatesa atapata sauti katika kila shule na kila hospitali. Kwa kuwa Korea wamekuwa na njia ya pamoja kwa muda mrefu, mahakama zao huamuaje pale mmoja anapokataa?

#21 | Wakili Mtulivu

Dada, Korea wazazi hukubaliana kwanza, na wasipokubaliana mahakama huamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Kwa kawaida majaji wanasita kuweka mamlaka ya pamoja kwa watu wasiozungumza. Sheria mpya ya Japani nayo inaitaka mahakama itoe mamlaka kwa mmoja pale penye hatari ya ukatili. Shida ni ushahidi, kwa sababu talaka nyingi za huko hazijawahi kumfikia jaji. Kina mama wa kikundi chenu waanze kutunza vyeti vya daktari na ripoti za polisi tangu sasa.